Mzee wetu wa mazingaombwe hataki kurudi Nakuru. Nimwendeeje?

MwalimuKarata (Kisumu)

Habarini wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuwa kwenye kikundi chenye wazee na vijana pamoja. Si lazima uwe mtu wa mazingaombwe, ingawa ndiyo habari yenyewe.

Kila Agosti shule zikifungwa, sisi wapenzi wa kiinimacho wa upande huu hukutana Nakuru kwa wikendi moja. Watu hutoka Kisumu, Kakamega, Eldoret, Nakuru kwenyewe, wachache Nairobi, na mara nyingine mtu au wawili kutoka Kampala. Si kongamano kubwa la kutangazwa redioni. Mchana kuna masomo mafupi na meza chache za wanaouza karata, kamba na vile vifaa vya kuagizwa kutoka China ambavyo huharibika kabla hujafika Molo. Jumamosi jioni kuna maonyesho, watoto wa mtaa hujaa. Lakini ukimwuliza yeyote kati yetu kilichomleta, atakwambia ni usiku, maonyesho yakishaisha, meza za kulia zinaposogezwa pamoja, chai inachemshwa tena, na mtu anatoa karata mfukoni na kusema, "Hebu chagua moja."

Ndipo nilipopata marafiki. Kiinimacho ni kazi ya upweke, watu hawajui. Unafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mke anaanza kuuliza maswali. Ukifaulu, huwezi kumwambia mtu umefaulu vipi. Ukishindwa ndiyo kabisa. Pale Nakuru nilikaa na mtu wa bodaboda wa Kondele, nesi wa Eldoret na mwanafunzi wa Egerton tukibishana karibu mpaka alfajiri kuhusu kazi ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole kimoja, na hakuna aliyeona ni upuzi.

Sasa Mzee. Amepita miaka sabini, anakaa karibu na Luanda. Mliosoma shule za msingi huku magharibi enzi za maziwa ya Nyayo huenda mlimwona: alikuja na sanduku la bati, mwalimu mkuu akatangaza kwenye gwaride, kila mtoto akaleta sarafu yake, na Mzee akameza nyembe na kuzitoa mdomoni zikiwa zimefungwa kwenye uzi mmoja. Kisha akatoa yai nyuma ya sikio la mwalimu mkuu. Mimi nilimwona nikiwa darasa la pili na sijapona mpaka leo. Nilipomkuta tena ukubwani, sokoni Luanda, nilimsihi mpaka akakubali tuende Nakuru. Mwaka huo wa kwanza watu walimzunguka usiku kucha.

Mwaka jana mambo yakaharibika. Usiku, pale mezani, Mzee alikuwa anafanya mchezo wake wa sarafu, zile za shilingi 40 zilizotolewa 2003 zenye sura ya Kibaki. Kuna kijana alikuwa anarekodi kwa simu, na sarafu ikaonekana kwenye mkono ambao ulipaswa kuwa mtupu. Kijana akaipunguza kasi, akaweka vikatuni vinavyocheka, akaipandisha TikTok usiku uleule. Asubuhi kwenye chai kila mtu alikuwa ameiona. Kamati ikamtoa kijana kwenye kikundi cha wasapu, naye akaifuta. Mzee alikunja vitu vyake, akapanda matatu kabla ya chakula cha mchana, bila neno.

Mwaka huu nikimpigia ananiambia, "Mwalimu, Agosti ni mahindi." Mahindi yalikuwepo mwaka jana pia, na alikuja. Jambo moja tu ameniomba, tena zaidi ya mara moja: nimtumie ile video. Ninayo kwa sababu kamati iliniletea kama ushahidi. Nimekuwa nikimzungusha. Naogopa ataipeleka kwa chifu, au ataitazama tu ajiumize.

Je, nimlazimishe kidogo? Nimpeleke huyo kijana akapige magoti? Au nimwache mzee wa watu apumzike?

---

Kibaraka_Nax (Nakuru)

Mimi niko kwenye kamati kwa hivyo nitasema wazi. Kijana alifukuzwa na atabaki amefukuzwa. Magic Circle ya London ni chama cha tangu 1905, na huko mwanachama akimwaga siri za wenzake hadharani anaonyeshwa mlango. Siyo ukatili. Siri ndiyo mtaji wetu, hatuna mwingine. Ukishaona mpishi anavyopika bado utakula. Ukishaona sarafu iko wapi, mchezo umekufa.

Kuhusu Mzee: mtumie nauli. Wazee hawapendi maneno mengi.

---

Mteule_wa_Bwana (Bungoma)

Mwalimu wa watoto wetu anajisifu kwa mambo ya giza. Maandiko yamekataza. Huyo mzee huenda ameokoka, ndiyo maana hataki kurudi. Mwacheni.

---

NyarDunga (Kisumu)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umesimulia nusu. Mimi nilikuwa meza ile. Kijana alirekodi, sawa. Lakini video ilipofika asubuhi, aliyecheka hakuwa kijana peke yake. Meza nzima ilicheka, wakiwemo wanakamati waliokuja kumfukuza baadaye na nyuso za huzuni. Mzee alikuwa amesimama nyuma yao na sahani ya mandazi. Kwa hivyo kabla hatujamtafutia kijana adhabu, tujiulize Mzee aliondoka kwa sababu ya nani.

Kwa wasionijua, mimi hufanya maonyesho ya watoto, sherehe za kuzaliwa na kadhalika. Mara ya kwanza nilipofika Nakuru kila aliyenisalimia aliniuliza nimekuja kumsaidia nani. Niko na sanduku langu, karata zangu, kadi za biashara zenye jina langu, na bado natafutiwa mwanamume wa kunikata vipande viwili. Mzee ndiye aliyevuta kiti akaniambia, "Binti, nionyeshe unachofanya." Nikafanya. Akanyamaza, kisha akaniambia kasi yangu ndiyo inanisaliti, kwamba mkono wenye kitu hukimbia na mkono mtupu hutembea, nami sharti niifundishe yote miwili kutembea. Nimepata kazi nyingi za watoto kutokana na sentensi hiyo.

Na huyo kijana namjua. Ana miaka kumi na tisa, anakaa Kaptembwo. TikTok ndiyo shule yake, na huko anayefichua ndiye anayepata watazamaji. Hakuna aliyemweleza sheria za meza kwa sababu sisi wenyewe hatujawahi kuzisema kwa sauti. Tangu atolewe kwenye kikundi amebaki na simu na kioo. Mwalimu amesema vizuri kuhusu upweke. Basi ahesabu watu wawili, si mmoja.

---

Kibaraka_Nax

NyarDunga, mimi sikucheka. Nilitabasamu.

---

NyarDunga

Meno yote yalionekana.

---

Kitabu_Wazi (Kakamega)

Ndugu Mteule, ngoja nikupe kisa kimoja. Mwaka 1584 huko Uingereza, Reginald Scot alichapisha kitabu kinachoeleza jinsi watu wa kiinimacho wanavyofanya kazi yao ya kamba, sarafu na karata. Hakukiandika ili kuwaharibia biashara. Alikiandika kwa sababu watu, wengi wao kina mama wazee, walikuwa wakishtakiwa na kuuawa kwa uchawi, naye alitaka kuonyesha kwamba mengi ya hayo ni ujanja wa mikono na hofu ya majirani.

Usiseme hayo ni ya zamani. Sheria ya Uchawi tuliyonayo Kenya ni ya mwaka 1925, na hapa hapa magharibi na kule Kisii wazee bado wanachomewa nyumba kwa tuhuma. Huyo Mzee wa Luanda alikuja shuleni kwetu pia. Jambo la kwanza alilosema, kabla hajagusa sanduku, ni kwamba mtu asimwogope kwa sababu hana nguvu yoyote isipokuwa vidole na maneno. Halafu akarudia kwa Kiluhya kwa faida ya mama aliyekuwa anauza ndizi langoni. Mzee anayesimama mbele ya kijiji kizima na kusema hivyo, kisha akafanya jambo ambalo huwezi kulieleza, ametuachia elimu ambayo mahubiri mengi hayajatuachia.

---

Wembe_wa_Butere (Butere)

Alikuja kwetu! Alimeza wembe! Nilienda nyumbani nikajaribu, na alama ninayo kwenye mdomo mpaka leo. Tena alichukua shilingi yangu ili aipoteze, akaipoteza kweli. Mwalimu, ukimwona mwambie bado namdai.

---

Mkenya_Preston (Uingereza)

Niko karibu na Blackpool, na kila Februari huenda lile kongamano la pale Winter Gardens, ambalo ni kubwa kuliko yote duniani. Watu ni maelfu. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka kwenye meza za wauzaji kama mtu aliyepotea sokoni, nikarudi nyumbani na begi la vitu ambavyo sijavitumia. Sikuongea na mtu isipokuwa kuuliza bei. Uliofuata nilikaa tu kwenye baa ya hoteli, karata mezani, nikasubiri. Haikuchukua muda. Mtu akavuta kiti, akaja wa pili, na usiku ule nilimwona mtu aliyewahi kushiriki FISM, yale mashindano ya dunia ya kila miaka mitatu, ameinama juu ya karata za mtoto wa shule akimwomba arudie.

Nilichojifunza ni adabu za hiyo meza. Haurekodi bila kuomba. Mtu akikuonyesha kitu humwulizi amefanyaje. Unangoja, akitaka atakupa, na mara nyingi hukupa ukiwa umeshamwonyesha cha kwako. Na ukiona kosa, hukuliona. Ukimtaka mtu arekebishe, unamsubiri peke yake, labda mkiwa mnatafuta chakula, unamwambia kwa sauti ya chini. Hakuna mahali pameandikwa haya. Nilifundishwa kwa kuangaliwa vibaya na jirani yangu nilipotoa simu.

Kwa hiyo kijana alikosa, ndiyo. Lakini mtu hawezi kuvunja adabu ambayo hajawahi kuangaliwa vibaya kwa ajili yake.

---

Fundi_Section58 (Nakuru)

Nimesoma yote na naona mnashauriana kuhusu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Mwalimu, rudi usome ulichoandika. Mtu aliyeudhiwa na video huikimbia. Mzee wako anaiomba. Tena na tena. Nimefanya kazi ya jukwaani miaka mingi kabla baridi yabisi haijanikamata vidole, na nakwambia huyo hatafuti chifu. Anataka kuona mkono wake.

Fikiria. Maisha yote tunafanya mazoezi mbele ya kioo, na kioo kinakuonyesha upande mmoja tu, ule wa mbele. Video ya kijana imepigwa kutoka pembeni na chini kidogo, mahali ambapo Mzee hajawahi kujiona katika miaka yake yote. Hajui hasa kilichoonekana. Hajui kama ilikuwa pembe mbaya ya usiku mmoja au kama kiganja hakifungi tena. Wewe una jibu lake kwenye simu yako, umemnyima mwaka mzima, halafu unamwuliza kama atakuja kukaa mbele ya watu walewale.

Mwonyeshe. Usimpe pole, usimpe hotuba. Mpe simu, kaa kimya.

Halafu mambo mawili ya kikazi ambayo unaweza kumnong'oneza akiyataka. Ngozi ya uzeeni hukauka, na kiganja kikikauka sarafu huteleza na karata hazishikani na mkono. Huo si uzee wa vidole, ni ukavu tu, na wengi wetu hupaka glisirini kidogo mapema, inyonywe, kisha tunafuta. Si mafuta mazito, yatachafua karata. Lakini kama ni viungo vimekakamaa, glisirini haitasaidia, na itabidi abadilishe michezo. Si aibu. René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa, akafanya karata kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka uzeeni, polepole sana, na watu wenye mikono miwili walikuwa wanakaa mbele yake midomo wazi. Alifariki 2015.

Na kuna Dai Vernon. Huyu ndiye aliyempumbaza Houdini, mtu wa mazingaombwe aliyevuma sana enzi hizo, mwaka 1922 kule Chicago. Houdini alikuwa anajigamba kwamba mchezo wowote akiuona mara tatu ataujua, na Vernon akamrudishia karata ileile juu ya rundo tena na tena mpaka Houdini akaishiwa maneno. Uzeeni Vernon alihamia California, na kwenye Magic Castle, ile klabu iliyofunguliwa Hollywood mwaka 1963, alikuwa na kiti chake. Alikaa pale usiku baada ya usiku, na vijana wakawa wanasafiri kutoka nchi nyingine ili wakae karibu naye. Alifariki 1992 akiwa na miaka 98. Hakuna aliyemdai afanye sarafu.

---

Kibaraka_Nax

Hollywood ni Hollywood, Fundi. Huku Mzee analima. Na bado kijana hajaomba msamaha.

---

Fundi_Section58

Anamwomba nani, Mzee au kamati?

---

MwalimuKarata

Fundi, umenipiga mahali. Ila niulize: nikimwonyesha, na ikawa kweli ni vidole? Nimwambie nini?

---

Fundi_Section58

Huna haja ya kumwambia. Ana macho. Kazi yako ni kushika simu isitikisike.

---

NyarDunga

Mwalimu, tafadhali zima sauti ya video kabla hujampa. Ile muziki ya kucheka aliyoweka kijana haina msaada kwa mtu yeyote.

---

MwalimuKarata

Nimetoka Luanda leo. Nawaeleza yalivyokwenda maana wengine mmenitumia ujumbe faraghani.

Kwanza, Mzee ana kabambe. Hata ningetaka kumtumia video isingefika. Alikuwa amepanga nimtumie kwenye simu ya mjukuu, na mjukuu amekuwa akiulizwa kila jioni kama imeingia.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye kigoda, wajukuu wanapukuchua mahindi. Kwa hivyo mahindi hayakuwa uongo. Nikampa simu, sauti nimeizima. Akaitazama. Akaniambia niirudishe. Akauliza kama inaweza kwenda polepole kuliko hapo, nikampunguzia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au matusi, kusema kweli. Badala yake akawa kama fundi wa saa aliyefunguliwa saa ya mtu mwingine.

"Huyu alikaa wapi?"

"Kushoto kwako, Mzee. Upande wa mlango."

"Huko hakai mtu."

"Alikaa."

"Naona alikaa."

Kisha akatoa sarafu mfukoni mwa koti, akaniamuru nikae kwenye benchi fupi la watoto, kushoto kwake, chini. Akafanya mchezo. Nikaiona sarafu. Nilitaka sana kusema sikuiona, lakini nikakumbuka maneno ya Fundi, nikasema nimeiona. Akageuza bega kidogo, akarudia. Haikuonekana. Akarudia tena vilevile, na safari hii ikaonekana. Akatazama kiganja chake kwa muda, akasema, "Basi si pembe peke yake." Nikamtajia glisirini. Akasema alikuwa anaijua kabla sijazaliwa, ila aliacha kununua. Sikuuliza kwa nini.

Baadaye tukiwa tunakunywa chai akauliza kijana yuko wapi siku hizi. Nikamweleza kwa fahari kidogo kwamba tulimchukulia hatua, kamati ikamfukuza. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mezani mlikuwa wangapi?"

"Kama kumi hivi."

"Na aliyeona ni mmoja."

"Ndiyo, Mzee."

"Halafu huyo ndiye mliyemfukuza."

Sikuwa na jibu. Akaendelea na chai yake.

Atakuja, ila ana masharti. Jukwaani hapandi. Sarafu ameziweka kando kwanza, anarudi kwenye vikombe na mipira, ule mchezo wa mpira kupotea chini ya kikombe kimoja na kutokea chini ya kingine, kwa vile vikombe vyake vya bati. Anataka meza ya usiku, si mbali na jiko. Na anataka huyo kijana akae palepale alipokaa mwaka jana, kushoto, upande wa mlango, kila usiku, na akiona kitu amguse goti chini ya meza. Bila simu. Amesema anahitaji mtu mwenye jicho hilo kabla hajatoa vikombe mbele ya watoto tena. Nilipomwambia kijana anaweza kuona haya kuja, akasema kuona haya ni sawa, muhimu aone.

Wembe wa Butere, nimemfikishia salamu zako. Amecheka sana. Anasema shilingi hiyo alikurudishia sikioni, wewe ndiye hukuitoa.

---

Kitabu_Wazi

Vikombe na mipira! Seneca wa Roma alivitaja katika barua zake karibu miaka elfu mbili iliyopita, alisema ukishajua siri yake hamu inakwisha. Mzee anacheza na mchezo uliozeeka kuliko nchi nyingi.

---

Mkenya_Preston

Tena asije mtu akauita mchezo wa kizamani. Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, aliingia Magic Circle mwaka 1975 kwa kuwafanyia vikombe na mipira hiyohiyo.

---

Kibaraka_Nax

Sawa, nimeelewa mnakoelekea. Lakini mjue kamati si mtu mmoja, na kuna wanakamati ambao walikasirika kweli, si kwa unafiki. Mmoja ana mchezo wake wa kamba ambao alitumia miaka kuutengeneza, na akaona kwamba kesho ni zamu yake kupunguzwa kasi na kuchekwa na watu wasiojua hata jina lake. Hofu hiyo si ndogo. Kijana akirudi, mwingine atasema, "Basi nami nitarekodi, nitafukuzwa, nitarudishwa." Nitalipeleka mbele yao, lakini sitaahidi.

---

NyarDunga

Hilo nakubali, na lisipuuzwe. Nilimpigia kijana jana. Kwanza alidhani namtania. Kisha akauliza kama Mzee atampiga. Nimemwambia sijui, ajiandae. Amesema atakuja siku ya kwanza mapema aongee na huyo wa kamba yeye mwenyewe, faraghani, kabla ya mtu mwingine kufika. Sikumwambia afanye hivyo, wazo ni lake.

---

Fundi_Section58

Mimi nitakuja pia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siwezi kufanya chochote cha maana, lakini kukaa naweza. Mwalimu, mwulize Mzee kama mkono wa kulia wa meza una mtu.

---

MwalimuKarata

Fundi, nimempigia. Amesema una mtu sasa.

---

Kibaraka_Nax

Kamati imekaa. Wengi wamekubali, wawili wamekataa, na wa kamba ni mmoja wa waliokubali, sijui ameambiwa nini. Kijana anarudi bila kuwekwa kwenye kikundi cha wasapu mpaka Desemba. Simu zote zikae mfukoni baada ya saa tatu usiku, za wanakamati pia, NyarDunga usiseme kitu. Masharti haya safari hii nimeyaandika na yatabandikwa mlangoni. Ada ni ileile.

---

MwalimuKarata

Asanteni nyote. Wa Kisumu, matatu tuliyokodi inaondoka Ijumaa alfajiri kupitia Kericho. Mzee nitamchukua Luanda Alhamisi jioni alale kwangu, na kiti cha mbele ni chake kwa sababu ya sanduku. Zimebaki nafasi mbili.

---

Wembe_wa_Butere

Niwekee moja. Karata sijui hata kuzichanga, nakuja kutazama tu. Na shilingi yangu iwe tayari.